Chui Mwenye Madoa ya Duma: Ilhamu ya Mchoraji Hutoka Wapi?

Picha ya Tingatinga, ule mtindo wa Kitanzania wa kuchora wanyama kwa rangi nzito, ikiwekwa mtandaoni, hazipiti dakika nyingi kabla mtu hajauliza: "Sasa huyu ni chui, duma, au paka mwenye surua?" Wa pili atamjibu kwamba hajui sanaa, hiyo ni ilhamu ya msanii. Wa tatu ataandika kwamba vitu hivi ni vya kuwauzia watalii tu. Mjadala unaishia hapo, kila mmoja akiamini ameshinda.

Swali la yule wa kwanza ni zuri kuliko majibu yote mawili. Chui halisi hana nukta zilizojaa. Mgongoni na ubavuni ana alama nyeusi zilizokusanyika vikundi vikundi kama petali za ua, na katikati ya kila kikundi pana rangi ya kahawia. Mwenye nukta zilizojaa ni duma. Basi mchoraji anayempachika chui nukta za duma amekosea, au amefanya jambo jingine? Na kwenye maonyesho huwa kuna karatasi ukutani inayosema msanii "hupata ilhamu kutokana na mazingira ya asili na kumbukumbu za utotoni". Sentensi hiyo nimeisoma mara nyingi mno, siku hizi macho yangu yanairuka yenyewe. Haielezi kitu mpaka uifungue, na hapa nataka kuifungua.

Nusu ya mkanganyiko imo ndani ya maneno yenyewe. Ilhamu ni neno lililotujia kutoka Kiarabu, maana yake ni jambo linalotiwa moyoni mwa mtu. Wasomi wa dini huku pwani hulitofautisha na wahyi: wahyi ni wa mitume, ilhamu inaweza kumfikia yeyote. Kwa kuwa limetoka huko, neno hili bado lina harufu ya kitu kinachoshuka chenyewe, na ndiyo maana watu wengi humfikiria mchoraji kama mtu aliyekaa chini ya mti akisubiri.

Halafu kuna hamasa, ambayo magazeti hulichanganya na ilhamu kila wiki. Hamasa ni ari, ile nguvu ya kutaka kutenda. Kodi ya nyumba ikikaribia, mchoraji hupata hamasa ya kutosha kabisa. Lakini kodi haimwambii achore nini. Ilhamu ndiyo inayomwambia. Kwenye makala haya nitaitumia kwa maana nyepesi: kitu ambacho mchoraji alikiona, alikisikia au alikiogopa, kikakaa ndani yake, kikaja kutoka baadaye kikiwa na umbo jingine. Mazingira, nayo, siku hizi yanatukumbusha takataka na faini. Hapa nina maana ya viumbe, mimea, udongo, mvua, na namna jua linavyoangukia vitu mahali fulani.

Chora njia ya kwenda shule

Chukua karatasi na kalamu. Chora ramani ya njia uliyokuwa ukipita kwenda shule ya msingi, bila kumuuliza mtu na bila kufungua ramani ya simu.

Nimewafanyisha watu zoezi hili mara kadhaa, na ramani zao hufanana kwa jambo moja: vipimo vyote si vya kweli. Mwembe uliokuwa njiani unakuwa mkubwa kuliko msikiti. Nyumba yenye mbwa mkali inachukua robo ya karatasi. Duka la ashikirimu lipo, tena na mlango wake wa buluu, lakini nyumba kumi zilizopakana nalo zimetoweka kabisa, kwa sababu hazikuwahi kukufanyia lolote. Kipande cha njia mlichokuwa mkikimbia kwa hofu kimekuwa kifupi. Kile mlichokuwa mkizembea kurudi nyumbani ni kirefu kama barabara ya Chalinze.

Mpima ardhi angeitupa ramani hiyo. Mchoraji asingeitupa, maana humo ndani vipimo vimewekwa na hofu, njaa, mapenzi na kurudiarudia. Mtu anaposema picha yake imetokana na kumbukumbu za utotoni, mara nyingi anazungumzia ramani ya aina hii. Hana albamu ya picha kichwani anayoifunua na kunakili ukurasa baada ya ukurasa.

Wataalamu wa akili wamelijua jambo hili kwa muda. Mwaka 1932, Frederic Bartlett wa Chuo Kikuu cha Cambridge alichapisha matokeo ya majaribio ambamo watu walisoma ngano ya kigeni wakaombwa kuisimulia tena baadaye. Kila walipoirudia ilikuwa fupi zaidi, na mambo yasiyozoeleka kwao yaligeuzwa yakawa ya kwao: mtumbwi, kwa mfano, ukawa mashua ya kawaida. Alichokiona Bartlett ni kwamba kukumbuka ni kujenga upya, kwa matofali uliyonayo leo. Na kwa kuwa watu wazima wengi hawana kumbukumbu yoyote ya wazi ya kabla ya umri wa miaka mitatu hivi, sehemu ya "utoto wetu" tumeipata kwa kusimuliwa na mama, bibi, au picha iliyotundikwa sebuleni. Nayo tunaihesabu kuwa yetu.

Ni kama pilau ya bibi. Unaijua kwa ulimi na pua, huna kipimo cha viungo kilichoandikwa popote. Siku unapoipika mwenyewe, mchele ni mwingine, jiko ni la gesi badala ya mkaa, na bizari umeipata dukani imeshasagwa. Ikitoka vizuri, wageni watasema ni pilau ya bibi yako. Wewe peke yako ndiye unayejua ni ya kwako.

Mtu aliyeitwa Tingatinga

Tingatinga kwa Kiswahili cha leo ni lile dude linalosukuma udongo wakati wa kujenga barabara, na sitakulaumu ukidhani mtindo huu wa picha umepewa jina kwa sababu ya rangi zake nzito. Ni jina la mtu. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru, kusini mwa Tanzania, baba yake Mngindo na mama yake Mmakua. Kama vijana wengi wa kusini wa wakati ule, aliondoka kutafuta kazi. Alikwenda kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga, kisha mwishoni mwa miaka ya 1950 akaingia Dar es Salaam, ambako alifanya kazi za nyumbani kwa Mzungu na vibarua vya hapa na pale. Darasa la sanaa hakuwahi kulikalia.

Karibu mwaka 1968 alianza kuchora. Vifaa vyake vilikuwa vya dukani kwa fundi: hadibodi iliyokatwa vipande vya mraba, na rangi ya mafuta ya kung'aa, ile ya kupakia baiskeli. Karatasi moja ya hadibodi ya futi 8 kwa 4 inakupa vipande 8 vya futi 2 kwa 2 bila kubaki hata kipande, na picha zake nyingi ni za kimo hichohicho. Aliziuza Oyster Bay, karibu na Morogoro Stores, mahali ambapo wageni waliokuwa wakiishi mtaa ule walikwenda kununua mahitaji yao. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi waliodhani wanafukuza wahalifu, akafa. Miaka minne hivi ya kazi, basi. Jina lake likawa jina la mtindo mzima.

Sasa itazame picha yake moja. Mnyama mmoja, amejaa ubao mzima, miguu inakaribia kutoka nje ya fremu. Nyuma yake rangi moja tu, hakuna mlima wala upeo wa macho. Labda mti mmoja, labda ndege. Macho makubwa yanakutazama wewe. Ukirudi kwenye ramani yako ya shule, utakuta ni mwembe uleule: kilicho kikubwa moyoni kimekuwa kikubwa ubaoni, na kisicho na kazi kimeondolewa.

Tunduru ni nchi ya miombo, si mbali na Mto Ruvuma, na mpaka leo tembo hupita mashambani mwa watu. Mtoto wa huko hakumjua mnyama kama tunavyomjua sisi tunaolipa kiingilio. Mnyama alikuwa habari: kala mahindi ya fulani, kaonekana kisimani, msirudi usiku. Mtu anayemjua chui kwa habari za namna hiyo hakai kumhesabia petali za ubavuni. Lugha yenyewe inampa neno tayari, madoadoa, na neno hilo ukiligeuza kuwa brashi unapata nukta.

Ila nisiliache jambo hili likawa tamu kupita kiasi. Nukta zile zina baba mwingine, naye ni rangi. Rangi ya mafuta ya dukani haichanganyiki ubaoni kwa upole kama rangi za msanii aliyesomea. Ni nzito, inang'aa, inakauka polepole. Ukijaribu kuitia kivuli wakati ya chini ni mbichi, unapata matope. Kwa hiyo unapaka rangi ya nyuma, unasubiri ikauke, unaweka umbo la mnyama, unasubiri tena, halafu unamalizia kwa ncha ya brashi: nukta, mistari, mboni ya jicho. Mtindo ambao watu huuita wa kitoto umejengwa na kopo la rangi kwa kiasi kikubwa. Nikiulizwa ilhamu ya Tingatinga ilikuwa nini, nitajibu Tunduru, duka la vifaa na wateja wa Oyster Bay, na sioni aibu kumweka mteja kwenye orodha hiyo.

Wapo wanaoipeleka asili ya picha hizi mbali zaidi, kwenye michoro ya kutani ambayo watu wa kusini walikuwa wakiichora kwenye nyumba zao za udongo. Michoro hiyo ilikuwepo kweli. Mjerumani Karl Weule aliikuta alipozunguka upande wa Masasi na uwanda wa Wamakonde mwaka 1906, na hata aliwapa wenyeji karatasi na penseli wamchoree. Wengine wanasema hapana, Tingatinga alichokiona ni picha za wachoraji kutoka Kongo zilizokuwa zikiuzwa Dar es Salaam, akajiambia hata mimi naweza. Mimi sioni kwa nini moja limfukuze jingine. Mtoto huona ukuta wa jirani, akikua huona biashara ya jirani.

Na asili ya kusini si wanyama peke yao. George Lilanga, aliyezaliwa mwaka 1934 upande huohuo wa kusini katika jamii ya Wamakonde na akafariki mwaka 2005, alizijaza picha zake mashetani: viumbe wenye masikio makubwa na matumbo ya kuning'inia, wanacheka, wanasukumana, wanapiga soga kama abiria wa daladala. Alianza kama mchongaji, na Nyumba ya Sanaa jijini Dar es Salaam ndiko alikokuja kujulikana. Hao mashetani hawakutoka mbugani wala kitabuni. Walitoka kwenye hadithi za jioni, na kwa mtoto aliyekaa karibu na moto huku kiza kikiwa mgongoni, shetani wa hadithi na fisi wa kweli wanaishi kichaka kimoja.

Pombe ya ndizi, usiku, mjini New York

Mfano ninaoupenda zaidi haujulikani sana huku kwetu, na hilo ni jambo la ajabu kidogo, kwa sababu picha yenyewe imo kwenye jumba la makumbusho la sanaa ya kisasa la New York tangu mwaka 1960.

Aliyeichora ni Sam Ntiro, Mchaga aliyezaliwa mwaka 1923 kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Alisoma Makerere, akafundisha hapohapo, akaenda kusoma zaidi London katika shule ya sanaa ya Slade. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, yeye ndiye aliyepelekwa London kuwa balozi wetu. Picha iliyonunuliwa na wale wa New York aliichora mwaka 1956, na jina lake kwa Kiswahili ni kama hivi: Wanaume Wakimpelekea Bibi Harusi Pombe ya Ndizi Usiku.

Ukiambiwa tu hilo jina, Mchaga yeyote ameshaanza kusikia harufu. Mbege hupikwa kwa ndizi na ulezi, na huchukua siku kadhaa, haiwezi kuharakishwa. Hubebwa kwa watu, kwa heshima, kupitia vichochoro vya kihamba, yaani shamba la migomba la Kichaga, ambako migomba imefunga juu kiasi kwamba hata mchana pana kiza. Mtoto wa huko hukua chini ya majani hayo. Anga kwake ni vipande vipande.

Ntiro alichora mambo ya aina hii maisha yake yote: watu wanakata kuni, wanalima, wanajenga, wanaswaga ng'ombe, wanakwenda sokoni. Sura za watu wake ni ndogo na hazina alama za kumtambua fulani. Huwezi kusema huyu ni mjomba, yule ni baba mdogo. Walioitazama picha yake kwa macho ya shule za Ulaya walisema hajui kuchora mwili wa binadamu, jambo gumu kuliamini kwa mtu aliyemaliza Slade, mahali ambapo kuchora mwili kutoka kwa mtu aliyesimama mbele yako ndiyo kazi ya kila siku. Mimi naona sababu iko kwenye kumbukumbu. Ukiwa mtoto mdogo na msafara wa wakubwa unapita usiku umebeba pombe ya harusi, huoni pua za watu. Unaona msafara, vibuyu, na njia.

Kuna na mwalimu wa kuzungumziwa. Margaret Trowell, Mwingereza aliyeanzisha masomo ya sanaa Makerere mwaka 1937, hakuwa akiwawekea wanafunzi chungu mezani wakinakili. Aliwasimulia tukio, wao wakalitazama kwanza vichwani mwao, ndipo washike brashi. Njia hiyo ilikuja kulaumiwa baadaye, kwamba iliwafungia Waafrika kwenye vijiji vyao wakati wenzao wa Ulaya waliachiwa wachore chochote. Lawama hiyo ina uzito, na nadhani inamgusa Ntiro pia. Mtu aliishi London, akala kwenye meza za mabalozi, lakini turubai zake zilibaki Uchagani. Je, alipenda mwenyewe, au alizoeshwa kwamba hicho ndicho anachopaswa kukumbuka? Ilhamu ya utotoni inaweza pia kuwa chumba ambacho watu wengine wamekufungia ndani kwa nje.

Kwenye jumba hilohilo la New York kuna picha ya mtu mwingine aliyekumbuka kijiji akiwa mbali. Marc Chagall, Myahudi aliyezaliwa mwaka 1887 upande wa Vitebsk, nchi ambayo leo ni Belarus, alichora picha ya kijiji cha kwao mwaka 1911 akiwa Paris. Ndani yake kichwa cha ng'ombe ni kikubwa kuliko kanisa, mwanamke anakamua maziwa ndani ya shavu la ng'ombe huyo, na baadhi ya nyumba zimesimama kichwa chini, miguu juu. Hakuna anayemwambia Chagall hajui nyumba husimama vipi.

Simba ambaye mchoraji hajamwona

Hapa ndipo wengi hukwama. Kama ilhamu ni kitu kilichoonwa, tumwiteje kijana aliyezaliwa Mwananyamala ambaye anachora twiga na simba mwaka mzima na hajawahi kufika mbuga ya Mikumi?

Kabla ya kumcheka, mfikirie Henri Rousseau. Mfaransa huyu aliyeishi kati ya 1844 na 1910 alifanya kazi ya kukusanya ushuru kwenye malango ya Paris, na uchoraji alijifundisha mwenyewe. Ndiye aliyechora misitu minene ya nchi za joto kuliko Mzungu mwingine yeyote wa wakati wake: chui wakubwa, nyani, maua makubwa kama miavuli. Mwaka 1891 alionyesha picha ya chui milia ndani ya dhoruba, ambayo leo iko London. Watu waliamini aliwahi kuwa askari Mexico, naye hakujisumbua kuwasahihisha. Ukweli ni kwamba hakuwahi kutoka Ufaransa. Msitu wake ulikuwa bustani ya mimea ya Paris, Jardin des Plantes, yenye nyumba za vioo, wanyama waliokaushwa na vitabu vya picha. Ndani ya nyumba ya vioo, alipata kusema, alijiona kama ameingia ndotoni.

Kwa hiyo asili inaweza kumfikia mchoraji kwa mkono wa pili, hata wa tatu. Tingatinga alipofariki waliobaki walikuwa ndugu na vijana aliowafundisha, na wao wakawafundisha wengine, mpaka mwaka 1990 wakawa na chama chao cha ushirika palepale Oyster Bay. Mwana wa mhunzi asiposana hufukuta. Kijana wa Mwananyamala alikulia kwenye baraza ambayo simba alikuwa akitokea kila siku, akikauka juani, akinuka rangi ya mafuta. Huyo ndiye simba wa utoto wake. Kumwambia akachore simba wa kweli kwanza ni kumwambia aache kumbukumbu yake achukue ya mtalii.

Tofauti iko kwingine, na hapa sina huruma. Kuna kuanzia kwenye kazi ya mwalimu na kuna kuirudia ileile, Mlima Kilimanjaro nyuma, mbuyu kushoto, twiga wawili kulia, ubao wa arobaini mwezi huu. Hiyo ni riziki, na riziki haichekwi. Lakini kuiita ilhamu ni kumpaka mteja mafuta kwa mgongo wa chupa. Elimo Njau, mchoraji aliyezaliwa Marangu mwaka 1932 na akaanzisha kituo cha Paa ya Paa jijini Nairobi mwaka 1965, alilisema kwa ukali kuliko mimi: usinakili, kunakili humlaza Mungu usingizi. Naye alikuwa na haki ya kusema. Mwishoni mwa miaka ya 1950 aliombwa achore maisha ya Yesu kwenye kuta za kanisa la Murang'a, nchini Kenya, na badala ya kunakili Bethlehemu za kwenye kalenda, akamweka Yesu kwenye vilima na miti ya Murang'a yenyewe.

Kwa yule aliyesema hivi vitu ni vya watalii tu: ni kweli wageni ndio waliovinunua tangu siku ya kwanza. Lakini mnunuzi hakugusa utoto wa mchoraji. Aligusa kimo cha ubao, maana lazima uingie kwenye sanduku la safari, na aligusa wanyama gani wachorwe mara nyingi. Tingatinga mwenyewe alichora pia mambo ambayo mgeni hakuyatarajia, kama mganga na mgonjwa wake. Kwa anayedhani utoto lazima uwe umekuwa wa raha ndipo ulete picha nzuri, arudi kwenye ramani yake aone nyumba ya mbwa mkali imechukua nafasi gani. Na kwa kijana wa mjini anayelalamika kwamba hana asili ya kuchora kwa sababu amezungukwa na zege, nina jambo moja la kumwonyesha.

Mpwa wangu ana miaka saba na anaishi Kinondoni. Likizo iliyopita nilimpa karatasi nikamwambia anichoree mnyama anayemjua, moyoni nikitarajia simba wa katuni. Alichora basi la mwendokasi, dogo, chini kwenye kona. Juu yake, kutoka ukingo hadi ukingo, akachora kunguru. Jicho moja, kubwa, la njano, ingawa kunguru wa Dar hana jicho la njano. Mdomoni kabeba kitu cha mraba cha rangi ya waridi.

Nikamuuliza ni nini hicho.

"Sabuni ya mama," akasema, akaendelea kupaka.